Donatien na Mlio wa Kabini

Yaya Sylvestre, kaka yangu,

Nimerudi sasa hivi kutoka Tshangalele na vumbi la njia bado liko kwenye viatu vyangu. Nakuandikia kabla ya kula, ili habari hii uipate ikiwa mbichi. Kulikuwa na watu waliotaka kumwondoa mpiga besi wako, Donatien, kwenye muziki wako. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao ni mwanao.

Nitaanza na mambo ya hapa, maana tangu tukuzike hujapata habari.

Kilio chako kilikuwa kikubwa. Kwaya ya parokia iliimba, halafu vijana wa mtaa wakaleta spika na kupiga rumba mpaka asubuhi. Hakuna aliyepiga hata wimbo mmoja wa kwako. Sikukasirika, watu walikulilia kwa muziki walio nao. Donatien alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, kofia mapajani, na mtu alipomuuliza yeye ni nani wa marehemu alijibu, "Tulikuwa tunatumika pamoja." Yule mtu akafikiri ni kazi ya kiwandani.

Ile sala, ukumbi ambamo mlikuwa mkifanya mazoezi, imechukuliwa na kanisa la maombi. Wamepaka rangi ya buluu. Kabini ya umeme iliyokuwa nyuma yake, ile nyumba ndogo ya matofali yenye transfoma ndani, imebomolewa. Wameweka transfoma mpya juu ya nguzo, na haitoi sauti mtu anayoweza kuisikia akiwa chini. Nilisimama pale nikasikiliza. Hakuna kitu. Nilikaa nje ya ukuta ule kwa muda, sijui nilikuwa nasubiri nini.

Ferdinand wa tarumbeta ulimzika wewe mwenyewe. Kizito alivuka kwenda Zambia na batri yake, zile ngoma zake, na tangu hapo hakuna anayejua habari zake. Amebaki Donatien peke yake, na besi yake ya mbao imepasuka tumboni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ile kanda niliyowarekodia mchana mmoja kwa mashine ya redio, unaikumbuka. Mwanao Patrick aliipeleka Ubelgiji, kwa kampuni ndogo inayotoa sahani za santuri za jazi ya zamani, zile za bendi za watu wanne watano. Walipenda. Walisema hawajawahi kusikia jazi ya namna hii kutoka Katanga, bila piano, bila gitaa, na kiongozi anayewaacha wenzake waende mbali kuliko yeye. Hayo niliyasoma kwa furaha. Halafu Patrick akanitumia kwa simu ile sauti waliyokwisha kuisafisha.

Niliisikiliza kazini redioni, vipokea sauti masikioni. Mwanzo ulikuwa kimya. Nikafikiri simu imekwama. Halafu saksofoni yako ikaingia, safi, karibu kabisa, kama umekaa mezani kwangu. Tarumbeta safi. Batri safi. Chini yao hakuna mtu. Pale Donatien alipokuwa palibaki kitu chembamba, kama mtu anayegonga ubao kwa kidole katika nyumba ya jirani.

Nilielewa mara moja kilichotokea, na wewe pia umeshaelewa.

Hamkuwa na piano. Wengine wangeazima filimbi ya kulinganishia, au wangefuata tarumbeta. Ninyi mlilinganisha vyombo vyenu na kabini. Ile transfoma ilikuwa inavuma noti ya sol siku nzima, sol iliyo juu kidogo ya sol ya kawaida, na wewe ukasema hakuna mwalimu wa muziki asiyechoka kama huyu. Donatien alikuwa anakaza uzi wake mwembamba mpaka sol yake na ya kabini zinakuwa kitu kimoja. Wewe ulikuwa unasukuma mdomo wa saksofoni ndani mpaka hakuna pa kusukuma tena. Umeme ukikatika mazoezi yalisimama, si kwa ajili ya giza, ilikuwa mchana, ila kwa sababu Ferdinand alikataa kupiga bila mwalimu.

Na ule mchana wa Lubumbashi, mlipoalikwa kupiga pamoja na mpiga piano wa hoteli. Nilikuwepo, nilikuja kuandika habari. Mlianza, na baada ya muda mfupi yule bwana akaondoa mikono kwenye piano.

"Vieux, mzee wangu, mbona ninyi wote muko juu?"

"Piano yako njo iko chini," ulimjibu. "Sisi tunapiga na kuran, na umeme ya kabini."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Mngeweza kushuka, ni kazi ya dakika chache. Mlikataa, mkapiga bila yeye, na meneja akazima taa za jukwaa. Kwenye gari la kurudi kwetu Likasi, Kizito alisema siku nyingine tubebe transfoma.

Kwa hiyo, fundi wa sauti wa Ubelgiji alipousikia mlio ule kwenye kanda, alifanya ambacho fundi yeyote mzuri angefanya. Aliuchukulia kuwa uchafu wa umeme. Ana mashine inayoutafuta mlio huo peke yake na kuung'oa mpaka mizizi, na sauti zote zinazopanda juu yake. Lakini sol ya Donatien ilikuwa mle mle. Ililinganishwa na mlio ule, na wimbo wote umejengwa juu ya sol. Aliung'oa mlio, na Donatien akatoka nao.

Nilimpigia Patrick. Alinisikiliza mimi shangazi yake mpaka mwisho, ni kijana mwenye adabu, unajua.

"Tantine, nimekuelewa," alisema. "Nao wameliona. Wamesema besi imekuwa dhaifu. Kuna kijana wa hapa Lubumbashi anapiga besi vizuri, atapiga upya ile sehemu, watamweka mahali pake."

"Mahali pa nani?"

"Pa besi, Tantine."

"Besi haina mahali. Donatien ndiye ana mahali."

Halafu akasema kampuni haitasubiri sana, na kwamba hakuna mtu atakayenunua kelele ya kabini.

Basi nikafanya kazi yangu. Nilimtafuta yule fundi mwenyewe, tukaongea Kifaransa. Sikumpa hotuba. Nilimwomba aweke kanda kama ilivyo, bila kusafisha, asikilize mwanzo na aniambie besi inaingia lini. Nilimsikia akiweka. Nilisikia kabini yetu ikivuma katika chumba cha Ubelgiji. Alisema, hapa. Halafu akasema, hapana, kabla ya hapo. Akarudisha nyuma.

"Madame, sijui," alisema. "Ipo, lakini sijui imeingia lini."

Nikamwambia hiyo ndiyo nia. Nikamweleza jinsi ulivyopanga wimbo ule: kabini ianze peke yake, Donatien aingie ndani yake bila mtu kujua, na msikilizaji agundue kwamba kuna mtu pale tu Donatien anapoondoka kwenye sol na kwenda zake. Kabla ya hapo alikuwa mashine. Baada ya hapo ni mtu. Fundi alisema atairudisha kama ilivyo akiambiwa. Lakini saini ni ya Patrick, na Patrick alitaka ile safi.

Kabla ya kushindana na Patrick nilitaka Donatien asikie. Ni mikono yake, si yangu. Nilipanda pikipiki mpaka Tshangalele, kwenye kile kijiji cha wavuvi alikohamia alipoacha kazi ya machimbo ya chokaa Kakontwe. Mkewe, Mama Agnès, alikuwa anageuza samaki kwenye makaa. Nilimwekea Donatien vipokea sauti, nikabonyeza ile safi. Alisikiliza akiinamisha kichwa upande wa sikio linalosikia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Minye niko wapi mu hii?" aliuliza.

Nilimrudishia mwanzo.

"Hapa bapo batu batatu," alisema. "Minye siko."

Mama Agnès akageuka. "Miaka yote unaniambia ulipiga na Sylvestre. Kumbe ulikuwa unapiga na upepo."

"Agnès, choma samaki yako."

"Niko nachoma. Bajukuu bako tayari habaamini. Sasa hata minye nitaanza."

Alikuwa anatania, na Donatien alicheka kidogo. Lakini ndipo nilipoelewa uzito wake. Wewe una kanda nyingine. Redio ilikurekodi, wageni walikurekodi, kuna picha zako. Donatien hakurekodiwa popote pengine. Aliwapigia wengine kwenye mabaa, na mabaa hayaweki kumbukumbu. Maisha yake yote ya muziki ni mchana ule mmoja. Wakimtoa pale, hakuwahi kupiga.

Nilimwambia hivyo. Alivua vipokea sauti akavikunja vizuri, akaniita kwa jina mlilonipa kwa ajili ya maikrofoni yangu.

"Mama Mikro, acha. Jina yangu itakuwa nyuma ya sahani. Inatosha."

"Jina lako nyuma, na vidole vya kijana wa Lubumbashi ndani?"

Aliangalia mikono yake. Mimi si mtu wa kulia kazini, Yaya, unajua. Niliaga nikapanda pikipiki.

Nikamwandikia Patrick maneno machache: sitaandika ule ukurasa kampuni inaouomba, wa kueleza siku ya kurekodi, mpaka aje anieleze uamuzi wake mbele ya Donatien. Si mbele yangu. Alijibu baada ya siku kadhaa. Amekuja leo.

Alinichukua Likasi kwa gari lake na njia nzima tuliongea habari za barabara. Anafanana nawe mgongoni, anapoendesha. Sikumwambia.

Tulikaa nje kwa Donatien. Mama Agnès alileta ugali wa bukari na samaki na akakataa mtu kuongea kabla ya kunawa mikono. Patrick alikula kwa heshima, halafu akaeleza kila kitu, taratibu, bila kuficha, hata habari za yule kijana wa kupiga upya. Donatien alimsikiliza kama anavyosikiliza mtu wimbo asioujua.

"Huyo kijana," alisema, "iko na besi muzuri?"

"Ndiyo, Papa Donatien. Mpya."

"Ni vizuri. Yangu ilipasuka."

Mama Agnès alitua sufuria kwa kishindo. "Unamuuliza habari ya besi. Muulize kama huyo kijana atakuja kulala ku kitanda yako pia."

Patrick aliinamisha uso. Nilifikiri atanyanyuka. Badala yake alisema jambo ambalo hakuniambia kwenye simu, na naliandika hapa kama alivyolisema, kwa sababu ni lako.

"Ninataka kumsikia papa. Njo ile tu. Mu kanda ya zamani papa iko mbali, nyuma ya kelele. Anaanza kupiga na wimbo iko katikati. Bakisafisha, iko karibu na minye. Minye sikumusikia sana. Alikuwa anatoka asubuhi, anaenda kule kwenye kabini yenu."

Yaya, nilikuwa nimejiandaa kushindana na biashara. Hii haikuwa biashara. Nilishika kikombe cha maji nikanywa.

Donatien ndiye aliyejibu.

"Papa yako hakuanza katikati," alisema. "Alikuwa anatumika tangu mwanzo."

"Hapigi kitu, Papa Donatien. Nimesikiliza mara nyingi."

"Mulango. Ule mulango ya sala ilikuwa ya chuma, na ilikuwa na sipiringi. Ukiuachilia, unafunga. Ukifunga, kabini haingii mu mikro. Papa yako alishika mulango na muguu. Saksofoni mu mikono, muguu ku mulango, na anaangalia minye."

Patrick alinigeukia. "Tantine, ni kweli?"

"Nilikuwa hatua chache kutoka kwake," nilisema. "Nilimwambia asogee karibu na mikro, kiongozi hakai mlangoni. Alinionyesha kidole kwamba ninyamaze."

"Muguu gani?"

"Wa kushoto."

Nilimpa kanda kama ilivyo, kwenye simu yangu, akavaa vipokea sauti. Donatien akamsogelea. Hakuweza kusikia, alikuwa anafuata kwa kuhesabu kichwani, na mkono wake wa kushoto ukaanza kutembea juu ya goti, mahali penyewe, uzi kwa uzi. Alimwacha Patrick asikilize mlio peke yake. Halafu akasema, "Sasa niko ndani." Baadaye kidogo, "Sasa natoka." Nikaona uso wa Patrick ukibadilika, kwa sababu hapo ndipo besi inapojitenga na kila mtu huisikia. Donatien akainua mkono.

"Ngoja. Sikia kabini. Inashuka?"

Patrick akatikisa kichwa kukubali.

"Inashuka sababu mulango inafunga. Ni papa yako anaondoa muguu. Anakuja kupiga."

Ilichukua pumzi moja tu, kati ya mlango na saksofoni. Hata mimi, niliyeirekodi, miaka yote niliusikia ule mshuko nikadhani ni umeme. Patrick alirudisha nyuma akasikiliza tena. Akarudisha tena. Hakuna aliyemharakisha. Mama Agnès aliondoa sahani bila kuzigonganisha.

Mwishowe alivua vipokea sauti. Alimuuliza Donatien mlango ulikuwa mzito kiasi gani. Donatien akamwambia ulikuwa mzito, na kwamba siku ya pili wewe ulitembea ukichechemea lakini ukawaambia watu ni jiwe. Patrick alicheka mpaka akalazimika kujifuta macho. Halafu akaenda kwenye kile kilima nyuma ya nyumba ambako simu hushika, na alipokuwa anashuka alinionyesha alichomwandikia fundi. Kilikuwa kifupi. Acheni kanda kama ilivyo, mlio wote, na besi ni ya Donatien.

Hayo ndiyo yaliyotokea leo.

Sitakudanganya kwamba kila mtu atafurahi. Fundi ameonya kwamba watu watarudisha sahani wakidhani ina kasoro. Kampuni inataka neno la kueleza mlio ule ni nini, na neno hilo nitaliandika mimi, kwa sentensi fupi. Nitaandika nani alisimama wapi. Nitaandika kwamba kiongozi wa bendi alisimama mbali kuliko wote, kwa kupenda kwake, na kazi aliyokuwa akifanya pale. Nitaandika habari za Ferdinand na Kizito kwa kiasi kile kile ninachoandika zako, na kama mtu wa kampuni akipunguza zao ili kuongeza zako, nitaondoa ukurasa wote. Nimeshamwambia Patrick. Alisema, "Tantine, nilitegemea hivyo."

Nakukumbuka, Yaya. Nilikuwa nimekusudia kuandika hilo mapema na nimelipita mara kadhaa. Kazini wamenipa vijana wawili niwafundishe kurekodi, na wanapouliza waweke mikro mbele ya nani, ninageuka kwanza kuangalia mlangoni.

Basi. Pumzika.

Lakini hili nakuahidi. Kabla sahani hiyo haijachapwa, watatuma nakala ya kujaribu. Haitakwenda kwanza kwa Patrick, wala kwangu. Nitaibeba mpaka Tshangalele na kumwekea Donatien kwenye sikio lake linalosikia, na nitakaa pale Mama Agnès atakaponikalisha. Donatien akisema yuko ndani, itachapwa. Akisema hayuko, itarudi Ubelgiji, na itarudi tena, na mimi sina haraka.

Mdogo wako,
Béatrice